Mistari Iliyobaki

Mke wangu Tabea alifariki Jumapili, tarehe 18 Mei 1952, kwa kichomi. Aliugua siku sita. Ninaandika haya ili nisisahau yaliyofuata, maana nimeona kwamba mambo ya msiba huanza kubadilika kichwani mapema, na mtu hujikuta anakumbuka yale tu anayopenda kuyakumbuka.

Tulikaa kijijini, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Njombe, karibu na barabara ya kwenda Makambako. Nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni, darasa la tatu na la nne. Nilisoma Malangali, na wakati ule watu wa kwetu waliofika sekondari walihesabika kwa vidole. Kwa sababu hiyo mimi ndiye niliyesoma Neno kanisani Jumapili. Mchungaji alikuwa na mitaa kumi na mmoja ya kuzungukia na kwetu alifika mara moja kwa mwezi, njia ikiwa nzuri.

Kila asubuhi, kabla ya shule na shamba, tulifanya ibada nyumbani. Mimi nilisoma, binti yetu Ema alianzisha wimbo, kisha Tabea alifungua daftari lake la maombi na kuliweka magotini. Jalada lake zamani lilikuwa la buluu. Kila siku ya juma, Jumatatu hadi Jumamosi, ilikuwa na ukurasa wake. Hakuomba kwa sauti. Aliweka kidole juu ya mstari wa kwanza, akanong'ona, akashuka kwenye mstari wa pili, hivyo hivyo mpaka chini. Aliandika kwa Kibena na kuomba kwa Kibena. Kiswahili, alisema, ni cha sokoni na cha boma, yeye na Nguluvi, Mungu kwa Kibena, hawauziani kitu. Mimi na Ema tulisubiri tumefumba macho. Majira ya baridi uji ulipoa tukimsubiri.

Katika dakika zile mimi nilikuwa napanga masomo ya siku. Tangu mwaka 1945 sikuwa nimeomba hata mara moja.

Mtoto wetu wa kwanza, Danieli, alishikwa na kifaduro mwezi wa tatu mwaka ule. Alikuwa na miaka mitatu. Niliomba siku tano, magoti kwenye udongo wa sakafu, nikatoa ahadi ambazo hakuna mtu anayeweza kuzitimiza. Ijumaa tukamzika. Kuanzia hapo kila nilipofumba macho niliona giza la kawaida, giza la mtu aliyefumba macho tu. Sikumwambia mtu. Niliendelea kusoma Neno kanisani kwa sauti nzuri, kwa kuwa sauti nzuri ninayo, na kwa kuwa mwalimu wa misheni asiyeamini hana shule wala nyumba ya kukaa. Tabea naye sikumwambia. Alikuwa na huzuni yake ya kumtosha.

Majuma matano baada ya maziko, mzee wa kanisa, Mzee Anania, alikuja kwangu. Ni mtu mrefu anayetembea na fimbo kwa ajili ya mguu wake wa kushoto. Alikataa kiti, akakaa kwenye gogo la mti wa muwati pale uani, akaniuliza habari za Ema, za mahindi, za paa la shule. Ndipo akasema kwamba wazee wamepanga Jumapili ya tarehe 13 Julai iwe siku ya kumaliza matanga, na kwamba wanataka iwe ibada ya shukrani.

"Wanawake wa mtaa huu wanaoshika daftari la maombi, wamefundishwa na marehemu," alisema. "Kwa hiyo tunakuomba, Mwalimu, utuchagulie kumi. Maombi yake kumi yaliyojibiwa, na tarehe zake. Utusomee, tumshukuru Mungu."

Nikakubali bila kufikiri. Tabea alikuwa ameomba kila siku kwa miaka kumi na miwili. Kumi niliona ni kidogo.

Daftari lilikuwa juu ya sanduku lake la nguo. Maisha yetu yote ya ndoa sikuwahi kulifungua, wala yeye hakuwahi kunikataza. Nilikaa mezani na karatasi safi na kalamu, nikafungua ukurasa wa Jumatatu. Mstari wa kwanza ulisema: Danieli apone. 5 Machi 1945.

Nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Ukurasa ulikuwa na nafasi ya mistari ishirini, lakini iliyoandikwa ilikuwa sita tu, imeachana. Nafasi zilizobaki zilikuwa za kijivu, zimechafuka na kukwaruzika, na mahali pengine amebandika vipande vya karatasi kwa uji wa ngano. Nilidhani ni unyevu na panya.

Baba aache pombe. Mkwe wangu alifariki mwaka 1947, akitoka kwenye ulanzi, akaanguka mtoni. Kaka Sila arudi kutoka mkonge. Sila alipanda lori la manamba pale Makambako mwaka 1943 na hatujapata barua yake mpaka leo. Fidelia apate mtoto. Fidelia ni jirani yetu wa bondeni, na nyumbani kwake hakuna mtoto. Nikafungua Jumanne, nikafungua Jumatano. Nilitafuta ombi moja ambalo ningeweza kusema, hili lilitokea. Nilikagua mstari kwa mstari kama ninavyokagua madaftari ya shule, na kila mstari nilipaswa kuutia alama ya kosa. Miaka kumi na miwili ya asubuhi, uji umepoa, na hakujibiwa hata moja. Nilimwonea Tabea huruma kuliko siku aliyokufa.

Kisha nikafika Alhamisi. Katikati ya ukurasa, kwa maandishi meusi kuliko yote, palikuwa na mstari huu: Elieza aamini. 5 Aprili 1945.

Elieza ni mimi.

Tarehe ile ilikuwa Alhamisi baada ya Pasaka, hata mwezi mmoja haujaisha tangu tumzike Danieli. Siku ya Pasaka yenyewe nilikuwa nimesoma kanisani, na watu walinishika mkono mlangoni wakisema nimewatia nguvu. Tabea alikuwa amesimama nyuma yangu na mtungi wa maji kichwani. Basi alijua. Alijua siku ileile, au siku nne baadaye, na kwa miaka saba alikaa kando yangu kila asubuhi akijua, akaniachia nisome, akanisubiri nimalize, akaweka kidole chake hapa.

Nitaandika na nililofanya baadaye, ingawa halinipendezi. Nilichukua wembe ili niukate ukurasa wa Alhamisi. Na kabla ya kukata, kwa kuwa bado nilidaiwa maombi kumi, nilianza kuyatunga. Mvua ya mwaka 1949. Ng'ombe aliyepotea akaonekana. Nilifika la nne. Nikaona mwandiko wangu mzuri wa ubaoni ukimwombea Tabea mambo ambayo hakuomba, nikaichana karatasi, nikaweka wembe chini.

Nikafikiri, labda kuna daftari jingine. Labda yaliyojibiwa aliyaandika kwingine. Kama lipo, mtu wa kujua ni Anyisile.

Anyisile na Tabea walisoma pamoja darasa la wasichana Kidugala. Yeye aliolewa Makambako, na hapo anauza uji na viazi vya kuchemsha kwa watu wanaosubiri malori. Jumatano ya juma lile lile la ibada niliwapa wanafunzi kazi ya bustani chini ya mwalimu mwenzangu, nikapanda lori la magome ya miwati, yale ya kutengenezea ngozi. Nilikaa juu ya magome pamoja na abiria wengine watano, tumejifunika mablanketi. Kuanzia njiapanda ya Kidugala mpaka Makambako upepo haukutuacha, na harufu ya magome ilibaki kwenye koti langu siku nyingi.

Nilimkuta kibandani kwake, wanaume wapatao ishirini wamekaa chini na mabunda yao, wanasubiri lori la kwenda Morogoro. Alinisalimu kwa Kibena, Kamwene, nikaitika. Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Shemeji, penseli ina nyama kuliko wewe," alisema, akanipa bakuli kabla sijasema kitu.

Nilikunywa. Nilimweleza habari za wazee na maombi kumi, nikamwuliza kama Tabea aliacha kwake daftari jingine, lile la yaliyojibiwa. Alikuwa na upawa mkononi. Akacheka, akacheka mpaka akauweka upawa chini, na wale wanaume wakageuka kutazama.

"Mwalimu mzima," alisema. "Malangali yote ile. Umesoma yaliyoandikwa tu?"

Nilimwuliza ningesoma nini kingine.

Alifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na daftari lake limefungwa kwa ukanda wa kanga. Akanieleza mambo ambayo sikuwahi kuyasikia, ingawa nililala nyumba moja nayo miaka kumi na mmoja. Walipokuwa Kidugala, bibi mwalimu Mjerumani aliwafundisha kushika daftari, ukurasa kwa kila siku. Vita ilipoanza serikali ikawachukua Wajerumani wote, na karatasi ikakoma kuja. Wasichana walikuwa na daftari moja kila mmoja, basi. Mke wa mwinjilisti akawaambia wasilie, watumie ile mistari iliyojibiwa. Ombi likijibiwa, weka kidole juu yake, shukuru, kisha futa, na hapo hapo andika jingine. Kilikuwepo kifutio kimoja tu darasani. Walikikata kwa wembe vipande vinane.

"Kwa hiyo kilichobaki ni deni," alisema Anyisile. "Yaliyojibiwa tuliyafuta. Ungeyaona wapi?"

Nilimwambia kwamba vita imekwisha miaka saba. Kila Januari nilimletea Tabea daftari jipya kutoka shuleni, naye kila Januari aliligawa.

"Na mimi wangu ananiletea. Lakini sisi tulishazoea. Mstari ukijibiwa si wako tena, unampisha mwingine."

Nikakumbuka jambo. Kila muhula Tabea aliniomba kifutio, vile vipande vidogo wanafunzi wanavyovitupa. Nilimtania siku moja, nikamwuliza kwani yeye anakosea kila siku. Aliniambia, kila siku. Tukacheka wote wawili.

Anyisile alinishika mkono wa koti akanitoa nje kwenye jua. Ilikuwa bado asubuhi. Alifungua daftari lake mahali peupe, akalilaza karibu na macho yangu, akaliinamisha polepole mpaka mwanga ukapita juu ya karatasi kutoka ubavuni.

"Soma sasa."

Mwanzoni sikuona kitu. Kisha karatasi ikatoa maandishi, kama nyayo zinavyoonekana kwenye njia ya vumbi jua likiwa chini. Palikuwa na penseli iliyobonyeza miaka mingi iliyopita, na juu yake nyingine, na juu yake nyingine. Nilisoma, ndama. Chini ya ndama nikasoma jina la mume wake na neno vitani. Chini kabisa nikasoma, chumvi.

"Chumvi?"

"Kulikuwa hakuna chumvi, shemeji, umesahau? Tuliomba chumvi. Ikaja, nikafuta."

Alisema hivyo kama mtu anayesema amefagia uwanja. Mimi niliendelea kulishika daftari. Nilitaka kuuliza jambo moja na niliogopa kuliuliza, lakini ndilo nililolifuata mpaka Makambako, ingawa sikujua mpaka wakati ule.

"Na Danieli?" nikasema. "Mbona hakumfuta?"

Anyisile aliacha kutabasamu. Aliangalia kama wale wanaume wanasikiliza, akasogea karibu. Alisema kwamba hata yeye alimwambia Tabea aufute ule mstari. Alimkumbusha kwamba sisi Walutheri hatuwaombei waliokufa, na kwamba Mzee Anania akiuona patakuwa na maneno.

"Akaniambia, 'Siombi, Anyisile. Sifuti tu.'"

"Kwa nini?"

"Mstari unafutwa ukijibiwa. Wake alisema haujajibiwa bado."

"Bado?"

"Ndivyo alivyosema. Bado. Kama hawa hapa," akaonyesha kwa kidevu watu na mabunda yao. "Lori halijafika, lakini hakuna aliyesema haliji."

Niliondoka kesho yake. Alinisindikiza mpaka kwenye lori, na nilipokwisha kupanda akaniuliza kutoka chini kama niliusoma ukurasa wa Alhamisi. Nikamwambia niliusoma. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye chungu chake.

Ijumaa asubuhi nilikaa kizingitini. Mlango wetu unatazama mashariki, na baada ya ukungu kuondoka jua huingia ndani chini chini mpaka kwenye mafiga. Niliinamisha ukurasa wa Jumatatu kama nilivyofundishwa.

Sijui niandikeje. Zile nafasi za kijivu nilizodhani zimeliwa na unyevu, ndizo zilizokuwa zimejaa. Kidonda cha mguu wa Anania kilikuwepo, tena mara tatu, mahali patatu, kwa tarehe za mwaka 1946 na 1948. Ema azaliwe salama. Ema homa ishuke. Elieza apite mtihani wa cheti. Mvua. Mvua. Viazi visioze. Oktavia asinikasirikie tena. Oktavia ni jirani yetu Mkatoliki, waligombana kwa ajili ya mbuzi, na leo hii ndiye anayemsuka Ema. Majina ya watoto niliowafundisha, ambao sikujua waliwahi kuugua. Mwanamke niliyemwona kisimani leo, sijui jina lake. Na mahali fulani kwenye Jumamosi, chini ya tabaka tatu, nikasoma, kifutio. Aliomba kifutio, na mimi nikamletea, na nikamtania, na yeye akakitumia kulifuta ombi la kukipata.

Nilihesabu mpaka mia mbili na kumi, nikaacha kuhesabu. Niliinua ukurasa mbele ya jua. Pale palipofutwa mara nyingi karatasi ilikuwa imekwisha kabisa, mwanga ukipita kama kwenye jani, na niliona vidole vyangu upande wa pili. Palipotoboka ndipo alipobandika vile vipande, na juu ya vipande akaandika tena, akafuta tena.

Nilishikwa na hofu. Si hofu ya kitu kibaya. Najua mtu angeweza kusema kwamba mvua hunyesha hata isipoombwa na homa za watoto hushuka zenyewe. Miaka saba mtu huyo nilikuwa mimi, na hoja zake zote ninazo. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye chumba kile kile, hatua moja kutoka kwake, nimefumba macho nikipanga hesabu za darasa la nne, na jambo kubwa namna hii lilikuwa likipita kando ya goti langu kila asubuhi. Nilikuwa nimeona daftari chakavu. Kama nilikosea kuliona daftari lililo mbele ya macho yangu, sikuwa na haki tena ya kusema kwa hakika ni nini kilichokuwepo na ni nini ambacho hakikuwepo.

Mwisho nikafungua Alhamisi. Ule mstari wangu haukuwa na kitu chini yake. Haukuwahi kufutwa, na pale karatasi ilikuwa nzima. Lakini weusi wake ulinishangaza, na nilipogeuza ukurasa nilihisi herufi kwa nyuma, zimetokeza kama mishono. Nikaelewa. Penseli hufifia. Kila ilipofifia aliurudia, herufi juu ya herufi. Nikapiga hesabu, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Kuanzia tarehe ile mpaka Alhamisi yake ya mwisho, akiwa kitandani, ni Alhamisi mia tatu sabini na mbili. Ile ya mwisho mimi ndiye niliyemletea daftari na kumshikia, kwa kuwa mkono ulikuwa ukitetemeka. Sikuangalia alichokuwa anakiandika.

Siku hiyo nilichelewa shuleni kwa saa mbili. Wembe niliurudisha mahali pake.

Jumapili kanisa lilijaa. Anyisile alikuja na lori la Jumamosi, akakaa na wanawake. Oktavia alikuja pia, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na rozari yake ndani ya ngumi. Baada ya nyimbo Mzee Anania aliniita mbele, akatangaza kwamba Mwalimu atasoma maombi kumi yaliyojibiwa.

Niliwaambia siwezi kuchagua kumi. Nikawaeleza habari ya karatasi wakati wa vita, na wale wanawake wanaoshika daftari wakawa wanaitikia kwa vichwa, kwao haikuwa habari. Nikawaonyesha ukurasa mmoja kwenye mwanga wa mlango. Niliwaomba waliokaa mbele wapite mmoja mmoja watazame, na walipita. Mzee mmoja alitaka kuugusa, akaurudisha mkono wake.

"Haya yaliyofutwa ni ya watu," nikasema. "Mengi ni yenu, na sitayataja. Nitasoma yaliyobaki ya nyumba yangu."

Nikasoma kwa Kibena, kama alivyoandika. Nilisoma la Danieli. Nilimwona Mzee Anania akiinua kichwa, nikangoja maneno yake, lakini hakusema. Nikasoma la mkwe wangu na la Sila. Nikafungua Alhamisi.

Ningeweza kufunga daftari pale. Hakuna ambaye angejua isipokuwa Anyisile, na yeye hakuwa ananiangalia, alikuwa anaangalia mikono yake. Niliiona shule, na nyumba, na Ema aliyekaa mbele na viatu vyake vya Jumapili. Nikaona pia zile herufi, na sikuweza kuzipita. Nikasoma.

"Elieza aamini. Tarehe tano, mwezi wa nne, mwaka elfu moja mia tisa arobaini na tano."

Bibi mmoja mzee, ambaye hasikii vizuri, akamwuliza jirani yake kwa sauti, "Elieza gani?"

"Ni mimi, bibi," nikasema. "Ni mimi huyu."

Nikawaambia yote kwa maneno machache. Kwamba tangu tumzike mtoto nilikuwa ninawasomea Neno kwa mdomo tu. Kwamba Tabea alijua na hakumwambia mtu wa hapa, ila Yule anayeombwa. Sauti yangu nzuri haikunisaidia, na waliokaa mbali waliniambia baadaye kwamba hawakusikia nusu.

Mzee Anania alisimama. Ilimchukua muda, kwa sababu ya mguu. Alikuja mpaka nilipo, akatazama ule mstari kwa karibu, akapitisha kidole gumba juu yake bila kuugusa. Nilijua anachotafuta. Alikuwa mtu mwema, naye alitaka kunipa njia.

"Mwalimu," alisema, "leo tuufute?"

Kifutio cha Tabea kilikuwa ndani ya daftari, kipande kama punje ya hindi. Kama ningesema ndiyo, watu wote wangepiga makofi, mchungaji angekuta habari njema inamsubiri, na jambo lingekwisha. Nilitazama moyoni mwangu jinsi mtu anavyotazama ndani ya chungu. Kitu kilikuwepo, ambacho hakikuwepo majuma matatu nyuma. Sikujua jina lake.

"Bado, Mzee," nikasema.

Alinitazama. Kisha akawapa fimbo yake waliokaa benchi la kwanza, akashika bega langu, akaanza kupiga magoti kwa ule mguu, polepole, na kanisa zima likamsubiri afike chini.

"Basi leo ni Jumapili," alisema, "lakini tutaliomba la Alhamisi."

Wakapiga magoti wote. Mabenchi yakalia. Mzee Anania akasema yale maneno mawili kwa Kibena, na watu wakayarudia, kwanza bila mpangilio, halafu kwa pamoja. Nilisikia jina langu likitoka kwa wanawake na wanaume na watoto wa darasa langu, na nyuma karibu na mlango kwa Oktavia, ambaye Kibena chake ni cha kukata kata. Walisema mara tatu. Mimi nilikuwa nimesimama peke yangu na daftari mkononi, kisha nikaona kwamba na mimi nimepiga magoti, na mdomo wangu unasema.

Mchungaji alifika mwisho wa Julai. Alinisikiliza kwa utaratibu, akasema kwamba nisisome tena kanisani wala kufundisha dini mpaka atakapoona vinginevyo, na kwamba hesabu na mwandiko niendelee navyo. Nyumba hakuitaja. Nilimshukuru, na sikumshukuru kwa mdomo tu.

Lakini kabla ya hapo ilikuja Alhamisi ya kwanza baada ya ile ibada. Asubuhi ile kulikuwa na jalidi kwenye majani. Ema alianzisha wimbo, nikafungua daftari nikaliweka magotini. Nilianza juu, mstari wa kwanza, nikanong'ona kwa Kibena, nikashuka. Sikufumba macho. Uji uliokuwa mezani uliacha kutoa moshi, na Ema hakunihimiza. Nilipofika katikati ya ukurasa niliweka kidole changu pale alipoweka chake, karatasi ikiwa baridi, nikasema jina langu polepole kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba ambayo amesikia ndani yake watu wanaongea.